Fundi makochi aliyelazwa kwa jina la pacha wake

Saa kumi na moja alfajiri, mtaa mzima taa inayowaka ni ya karakana. Fundi makochi amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu lililochoka, bisibisi mkononi, anang'oa pini moja baada ya nyingine na kuzitupia kwenye ndoo. Kitambaa cha chini kinalegea, kisha kinaanguka chote kwa mpigo, pamoja na vumbi la miaka.

Vinaanguka na vitu vingine. Watu hawajui makochi yao yanakula nini. Leo zimetoka kalamu mbili, pini ya nywele, kishikizo cha shati, hereni ya upande mmoja na jino la mtoto. Fundi anavikusanya, anavipuliza vumbi, anavitia kwenye kopo tupu la maziwa na kuliweka juu ya rafu. Mwenye kochi akija atakabidhiwa kochi lake na kopo lake.

"Cha mtu ni cha mtu," anasema bila kuinua macho. "Hata hilo jino. Huenda mama mtu alilitafuta."

Mafundi wenzake hufika jua likishachomoza. Yeye alianza kuja mapema hivi mwaka huu, na si kwamba kazi zimezidi. "Saa hizi sikutani na mtu njiani," anasema. "Ukiwa na aibu, giza linakuwa rafiki yako."

Anaitwa Doto, kwa kuwa alizaliwa wa pili. Aliyemtangulia kwa dakika chache, na ambaye hajaacha kumkumbusha dakika hizo mpaka leo, ni pacha wake, Kurwa. Jina lake la kwenye kitambulisho ameomba tusiliandike. "Nilishatumia jina lisilo langu," anasema. "Sasa na langu likiingia gazetini kwa habari hii, nitabaki na lipi?"

Wamefanana hasa, si kwa kubahatisha. Mama yao aliwashonea mashati kwa kitambaa kimoja na kuwapakulia sahani moja. Shuleni, mwalimu akimkosa mkosaji alimchapa aliyekuwa karibu, na nyumbani hakuna aliyelalamika. Msemo wa familia ulikuwa mmoja: cha Kurwa cha Doto.

Walipokua, riziki ndiyo iliyowatenganisha. Kurwa alipata kazi shirika la maji, akawa mtunza bohari. Doto akaenda kujifunza makochi kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akimfumulisha mshono mzima kwa kosa la nukta moja. Leo ana miaka arobaini na mitatu, mke na watoto watatu, na sehemu yake katika karakana ya bati anayochangia kodi na mafundi wengine.

Kazi ya Kurwa ilikuja na kadi ya bima ya afya, yenye picha. Picha ni ya Kurwa, lakini nani angebisha akiambiwa ni ya Doto?

Isidhaniwe kwamba Doto hakuwahi kutafuta bima yake. Alikwenda siku moja, amevaa shati la pasi, akaketi mbele ya karani.

"Akaniuliza, mwajiri wako nani? Nikamwambia, mimi. Akasema, namaanisha anayekulipa mshahara. Nikamwambia, wateja, wakikumbuka." Anacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Akaniangalia kama vile nimemfanyia utani."

Doto hesabu zake huzifanya kwa makochi. Kifurushi cha familia yake kwa mwaka, kinacholipwa chote kwa mkupuo, kilikuwa sawa na ufundi wa seti nane. Mwezi ukiwa mzuri hupata seti tatu, na katika hizo kuna kodi, chakula na shule. Kilikuwapo kifurushi cha bei nafuu, ila hakikugusa wodi wala upasuaji. "Nikaona huo ni mwavuli wa jua. Mvua ikinyesha, unaukunja."

Akarudi kazini. Baada ya muda alipita karakanani wakala wa bima, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole na mkoba uliojaa karatasi. Akawaeleza mafundi kwamba waliojiajiri wakijikusanya kumi au zaidi wanaweza kujiunga kama kikundi, kwa bei iliyopungua karibu nusu, na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Na upasuaji umo.

Lilikuwa jambo la maana, lakini lilikuja saa ya mchana, watu wameshiba na wanatafuta kicheko. Doto ndiye aliyewapa. "Mama, unatuuzia ugonjwa ambao hatujauagiza?" Karakana nzima ikalipuka. Alipoona wamecheka, akaongeza: "Mimi nikiugua, nina mtu."

Mama wa bima alifunga mkoba wake. "Mtu naye huugua, baba," akasema, akaondoka.

Maneno hayo Doto anayarudia taratibu, macho yakiwa kwenye nyundo. Siku ile alijua vizuri alichokuwa akikisema. Mtu aliyemtegemea alikuwa Kurwa, na kadi ya Kurwa.

Haukupita mwezi. Alikuwa akivuta mikanda ya mpira kwenye fremu ya kochi, tumbo likamkata upande wa kulia mpaka akalala kwenye marundo ya sponji. Wenzake walidhani ni gesi, wakamletea soda. Jioni alikuwa hawezi kunyoosha mguu. Kurwa alikuja kwa teksi, akamwingiza ndani, na wakiwa njiani akamtia kadi mkononi.

"Hakusema maneno mengi," anakumbuka Doto. "Aliniambia, leo wewe ni mimi. Basi."

Hospitalini, dirishani, karani aliitazama picha, akamtazama mgonjwa, akagonga mhuri. Daktari akasema ni kidole tumbo, kitolewe upesi. Kikatolewa. Doto alilazwa siku nne kwa jina la kaka yake, na nyumbani Kurwa, aliyeomba ruhusa ya ugonjwa kazini, akajifungia ndani kama mwali ili asionekane mzima barabarani. Hata mkewe, Kurwa alimdanganya kwamba amepewa likizo. Alimwambia pia kwamba Doto amelazwa, na analipa mwenyewe.

Wodini mambo yalikuwa ya kuchekesha, kama si ya kutia haya. Muuguzi aliita jina la Kurwa mara tatu, mgonjwa amelala kimya anatazama dari, mpaka jirani wa kitanda cha pili akamgusa: "Bwana, si unaitwa?"

Mke wa Doto alipokuja kumwogesha, muuguzi alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Mke wa mgonjwa alikuwa ameshaandikwa kwenye kadi, na si yeye. Akajibu, "Shemeji yake." Muuguzi akautazama mkono wa yule mama, uliokuwa na sabuni, ukiteremka mgongoni mwa shemeji yake, akanyanyua nyusi na kwenda zake.

"Tulicheka sana siku ile tuliporudi nyumbani," anasema Doto. Hatuna hakika kama mkewe naye alicheka. Tulipomuuliza baadaye, alikwenda kuchungulia jiko.

Yangeishia hapo. Kovu likapona, Doto akarudi kwenye makochi yake, na kadi ikarudi kwenye pochi ya Kurwa. Lakini kompyuta ya hospitali ilikuwa imeandika kwamba mtunza bohari wa shirika la maji hana tena kidole tumbo.

Mwanzoni mwa mwaka huu Kurwa alianza kuumwa tumbo, upande uleule. Akaenda hospitali ileile, kwa kadi yake halali na picha yake halali. Aliyempokea alifungua kumbukumbu, akasoma, akasema, "Wewe kidole tumbo kilishatoka. Hii itakuwa vidonda vya tumbo." Akamwandikia dawa na kumrudisha nyumbani.

Neno moja tu la Kurwa lingetosha. Hakulitoa. Mkewe alikuwa amekaa pembeni yake, hajui kitu, na kazini kosa kama lile lingeweza kumfukuzisha. Akameza dawa za vidonda, akameza na maneno. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuwa njiani.

Kesho yake alirudishwa akiwa amekunjamana, anatetemeka kwa homa. Daktari wa zamu hiyo alikuwa mwingine, na huyu alifunua shati. Akapapasa, akainama, akatazama tena karatasi.

"Kovu lako liko wapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu: "Kovu gani, daktari? Huyu hajawahi kupasuliwa." Daktari akamgeuzia karatasi, akamwonyesha tarehe. Mama huyo anasema alikuwa akimtazama mumewe usoni, na pale pale akaijua picha nzima, likizo ile, Doto aliyelazwa wiki ileile, kila kitu.

Simu ya Doto ililia akiwa na pini mdomoni, maana mafundi makochi pini hushika kwa midomo. Aliitema ndipo akasikia sauti ya kaka yake, nyembamba kama uzi.

"Doto, njoo. Njoo na tumbo lako."

Alifika akiwa na mabaki ya sponji kwenye nywele. Koridoni, mbele ya daktari, muuguzi na shemeji yake, akapandisha shati akaonyesha kovu lililokuwa likitafutwa. Daktari hakumtukana. Alisema tu, "Muda wote huu tumeupoteza," akageuka kuelekea chumba cha upasuaji.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na kumwaga uchafu tumboni. Kurwa alipasuliwa kuanzia kitovuni kushuka chini, akakaa hospitali wiki tatu, na siku mbili za mwanzo hakuna aliyethubutu kuwaahidi ndugu kwamba atatoka.

"Nilikuwa nje kwenye benchi," anasema Doto. Anaacha kufanya kazi. "Nikawaza, akifa, mimi ndiye niliyemuua. Na atakuwa amekufa kwa ugonjwa ambao karatasi zinasema alishapona. Nimerudisha vishikizo vya watu, mimi. Nimerudisha pini za nywele. Halafu nikaiba operesheni, tena kwa ndugu yangu."

Kurwa alipona. Aibu ndiyo iliyobaki. Watu wa bima walikataa kulipa matibabu yale na wakaifunga kadi, na kadi ilipofungwa waliomo wote walifungiwa nje: mke na watoto wawili, mdogo wao akiwa na pumu na dawa yake ya kuvuta ikitoka kwenye kadi hiyo. Kazini, mwenye bohari ni lazima awe mtu wa kuaminika. Kurwa alipewa onyo na kuhamishiwa kusoma mita. Leo anazunguka mitaani kwa miguu, tumbo likiwa bado na maumivu, akiinama kila nyumba.

"Niliwahi kumwona ng'ambo ya barabara," anasema Doto. "Ameshika ubavu, anapumzika kwenye ukuta wa watu. Nikajificha nyuma ya kabati lililokuwa likiuzwa. Kaka yangu wa tumbo moja, nikamkimbia."

Tulipomtembelea shemeji mtu, mke wa Kurwa, alitupokea vizuri na kutukaribisha kwenye kochi ambalo Doto mwenyewe alilishona. Hakupandisha sauti hata mara moja. "Siku kadi ilipofungwa, mume wangu akiwa bado wodini, nilimuuliza Doto swali moja tu," anasema. "Shemeji, wewe ulipona kwa jina la mume wangu. Mwanangu akibanwa na kifua usiku, yeye apone kwa jina la nani? Mpaka leo sijui nilitaka anijibu nini."

Na mama yao, ambaye sasa macho yamepungua na anawatambua wanawe kwa nyayo, alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Cha kuazima hakisitiri matako. Na mimi ndiye niliyewafundisha kuazimana."

Ilikuwapo njia moja ya kujaribu kuifungua kadi, na ilipita kwa Doto. Watu wa bima walitaka aliyetibiwa kwa jina lisilo lake aje mwenyewe, akiri, na athibitishwe na daktari wao, ili kumbukumbu za Kurwa zisafishwe. Bila hivyo, kwenye kompyuta Kurwa angebaki mtu mwenye vidole tumbo viwili, na tapeli.

Doto hakwenda. Wiki ya kwanza alisema ana kazi ya haraka. Ya pili alisema anaumwa. Kweli ni kwamba aliogopa kufungwa, maana kuna mtu mtaani alimwambia watu hufungwa kwa hilo. Hapo ndipo alipoanza kuja karakanani gizani na kuondoka gizani, na simu za Kurwa akawa haziinui.

Aliyemtoa ni mkewe. Jioni moja alimwekea chakula, akakaa mbele yake na kumwambia maneno aliyokuwa ameyatunza tangu siku ya wodi. "Aliniambia, mimi nilikukana mbele ya watu kwa ajili yako. Nilisema si mume wangu, na mkono wangu uko mgongoni mwako. Kama mimi niliweza kusema uongo ule, wewe utashindwa kusema kweli?"

Kesho yake mapacha walikwenda pamoja. Karani aliwatazama mmoja mmoja, akarudia, akauliza, "Sasa katika nyinyi, mgonjwa ni nani?" Doto alisimama. "Ni mimi. Yule wa mara ya kwanza, kwa jina lake, nilikuwa mimi." Daktari wa bima alikuwa hajafika, lakini Doto alikuwa ameshafungua vishikizo. Mbele ya makarani, na mama mmoja aliyekuja kwa shida zake mwenyewe, mtu mzima akafunua tumbo na kusimama hivyo, mpaka Kurwa alipomfunga shati kwa mkono wake.

Hakufungwa. Aliamriwa kulipa gharama za upasuaji wake kwa awamu, na anaendelea kulipa. Kumbukumbu zimerekebishwa. Watoto na mama yao wamerudishiwa huduma, na dawa ya pumu inatoka tena. Kurwa mwenyewe jina lake limefungiwa mpaka mwaka uishe, na bohari ameshapewa mtu mwingine. Hilo halirudi.

Ilibaki karakana. Mchana mmoja, saa ileile ya vicheko, Doto aliwasimulia wenzake yote, bila kuruka hata ile ya sabuni. Halafu akawaambia wajiunge kikundi. Fundi mmoja wanayemwita Springi, kwa jinsi anavyoruka kwenye mazungumzo ya watu, akauliza, "Tukikuandikisha wewe, siku ya kutibiwa utakuja wewe au utamtuma nani?"

Walicheka. Doto alicheka nao, machozi yakamtoka, akaendelea kucheka. Springi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa kitambulisho. Walipatikana saba. Watatu waliobaki ni mchomeleaji wa jirani, dada anayeuza vitambaa vya makochi, na mzee wa kupaka vanishi aliyekubali kwa sharti kwamba asiitwe kwenye mikutano.

Ilibidi atafutwe mama wa bima. Doto alimpigia mwenyewe, akajitambulisha kuwa ni yule fundi wa maneno mengi. "Alisema, nakukumbuka, baba. Mtu wako hajambo? Nilitamani ardhi inimeze."

Alikuja. Walimkalisha kwenye kochi jipya ambalo mteja alikuwa hajalichukua, akawaandika mmoja mmoja. Alipofika kwa Doto hakumkumbusha chochote. Alimuuliza majina yake matatu, akayaandika, akamsomea ahakikishe. Doto anasema hakumbuki mara ya mwisho mtu kumsomea majina yake matatu.

Malipo ya kwanza yamekwenda. Kuna miezi mitatu ya kungoja kabla kadi haijaanza kufanya kazi, na katika miezi hiyo Doto anavuka barabara kwa makini na hanyanyui kochi peke yake. Ndoto yake ya mbali ni kuona Kurwa amerudishwa kazi ya kukaa. Ya karibu inachekesha: anataka kuugua kidogo.

"Mafua tu," anasema. Jua limeshachomoza sasa, na Springi anasikika akija, anaimba vibaya. "Niende dirishani na kadi yangu. Waite jina, niitike palepale."

Mkewe amefika na chupa ya chai, kama afanyavyo siku hizi. Amesikia. Anaiweka chupa kwenye rafu, karibu na lile kopo la maziwa, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Na mimi nitakwenda naye," anasema. "Hata kwa mafua. Nikae hapo mpaka wanione. Wakiniuliza mimi ni nani wake, niwajibu."